Kamera mbili za zamani: kooperative ya Punia ilichagua ipi?

Mwaka jana, kooperative moja ya mihogo na mpunga hapa Punia ilituma foto nane kwa agronomo aliye Kindu. Foto zilipigwa na telefone ya mwanamemba mmoja, telefone yenye kioo kilichopasuka. Agronomo akajibu kwa maneno machache: "Ninaona majani ya kijani. Ugonjwa siwezi kuuona wala kuukana. Tumeni zingine." Lakini nyingine hazikutumwa. Mwenye telefone alikuwa amekwisha kuondoka kwenda kwenye machimbo ya kasiterite, na telefone ni yake, ikaenda naye. Mvua ya mwezi wa kenda ikaanza, miti ya kupanda ilikuwa imekatwa na kufungwa mafungu, watu wakaigawanya.

Mwezi wa saba mwaka huu mama mmoja aling'oa mihogo yake ya kwanza kutoka ile miti. Kwa nje ilikuwa mizima, minene, ya kufurahisha macho. Alipoikata, ndani kulikuwa na madoa ya kahawia, makavu na magumu kama gamba la mti. Haikufaa kwa ugali, haikufaa kwa chikwangue, hata nguruwe wa jirani waliinusa tu. Karibu nusu ya shamba lake ilikuwa hivyo. Wengine walipoenda kuangalia mashamba yao wakakuta mamoja.

Hizo ni alama za ugonjwa unaoitwa mchirizi wa kahawia. Unabebwa na nzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani, na zaidi sana unabebwa na sisi wenyewe, tunapokata miti katika shamba gonjwa na kumpa jirani. Ubaya wake ni kwamba unajificha. Ugonjwa mwingine, ule wa batobato, kila mkulima anaujua: majani ya juu yanajikunja na kuwa na mabaka. Huu wa mchirizi hauharibu umbo la jani. Majani ya chini, yale ya zamani, yanakuwa ya manjano kandokando ya mishipa, na mtu anafikiri ni uzee tu. Kwa hiyo foto ya shamba zima ukiwa umesimama barabarani haimsaidii agronomo. Anahitaji kuona mishipa ya jani moja, na kipande cha muhogo kilichokatwa.

Ndipo ikaja habari ya kamera. Ofisi yetu ilikuwa na kamera mbili ndogo za mfukoni, za zamani, zilizotumika tayari. Tuliamua kuipa kooperative moja kati ya mbili, nyingine iende kwa kooperative ya upande mwingine. Komite ikaitwa kuchagua. Tulidhani ni kazi ya nusu saa. Ilichukua mchana wote.

Ya kwanza ilikuwa Sony Cyber-shot DSC-W55, ya mwaka 2007, megapikseli 7.2. Ya pili ilikuwa Canon PowerShot A480, ya mwaka 2009, megapikseli 10. Vijana wakarukia hesabu hiyo mara moja: kumi inashinda saba, kazi imekwisha! Hapana. Kwa foto ya kuchapwa ya sentimita 10 kwa 15, megapikseli 2 zinatosha. Na kwa foto ya kutuma kwa telefone kwenye rezo dhaifu kama hii yetu, kubwa mno ni hasara, inakula megabaiti na kukatikia njiani. Kamera zote mbili zina nafasi ya kupunguza ukubwa wa foto, na sisi tuliziweka zote mbili kwenye ukubwa mdogo. Megapikseli zikatoka katika mashindano.

Tukazishika mkononi. Hapo niseme kweli: Sony ndiyo nzuri. Ni nyembamba, inawaka haraka, na ina kitundu cha kuchungulia kwa jicho. Kitundu hicho si kitu kidogo. Saa sita mchana shambani, kioo cha nyuma kinakuwa cheupe kwa jua, huoni unachopiga, lakini kwa kitundu unaona walau upande unaolenga. Canon haina kitundu. Canon pia ni mzito kidogo kuamka, na ukitumia flashi unangoja sekunde kadhaa kabla ya kupiga tena. Prezida wa komite aliipenda Sony, akaiweka mfukoni mwa shati na kutembea nayo kidogo, watu wakacheka.

Mama mtunza sanduku hakucheka. Aliuliza swali moja: "Ikizimika huko porini, tutaiwasha na nini?"

Sony inakula betri yake ya pekee, bapa, inayoitwa NP-BG1. Inachajiwa nje ya kamera katika chaja yake, na chaja ile inataka umeme wa ukutani, volti 100 hadi 240. Punia umeme wa ukutani ni grupu, na grupu ni esansi. Kwa pano ya jua lazima uwe na kile kisanduku cha kugeuza umeme. Zaidi ya hayo, betri iliyokuja nayo ni ya zamani. Betri za namna hiyo zinachoka kwa miaka hata kama hazitumiki, na ikifa unaagiza Goma au Kisangani, ukiomba Mungu usiletewe ya bandia. (Ukiona betri ya namna hiyo imevimba, usiilazimishe kuingia, usiichome moto. Iondoe tu, uiweke mbali na watoto.)

Canon inakula mapile mawili madogo, yale ya tochi ndogo na ya rimoti, yenye alama ya AA. Hayo yako katika kila kibanda cha soko. Lakini msikimbie kununua! Tulijaribu na mapile ya bei rahisi kabisa, na baada ya foto chache kamera ikaandika kwamba nguvu imekwisha. Mapile ya zinki hayawezi kamera ya namna hii, hata kama tochi inaendelea kuwaka nayo. Tafuta yaliyoandikwa "alkaline". Bora kuliko yote ni yale ya kuchaji, yaliyoandikwa "NiMH", yenye namba 2000 au zaidi mbele ya herufi mAh. Chaja zake ziko za kuchomeka kwenye waya wa telefone, kwa hiyo pano ndogo inayochaji telefone inachaji na mapile pia. Seti mbili, yaani mapile manne: mawili ndani, mawili mfukoni.

Halafu kukaja jambo la kadi. Hapa ndipo mambo yalipoamuliwa, ingawa wengi hawakulifikiria. Foto ikikaa ndani ya kamera haifiki Kindu. Kooperative haina ordinateri. Sasa, Canon inatumia kadi ya SD. Ukichukua kadi ndogo ya telefone, microSD, ukaiingiza katika adapta yake ya plastiki, inaingia ndani ya Canon kama kadi kubwa. Unapiga foto shambani, unatoa kadi ndogo, unaiweka katika telefone yoyote yenye nafasi ya kadi, unatuma. Hakuna waya, hakuna ordinateri. Chunga kitu kimoja: kadi isizidi gigabaiti 32, kwa sababu kamera za umri huo hazisomi kubwa zaidi. Na ukimaliza kutuma, usiifomati kadi kwa telefone. Ukitaka kuifuta, ifute ndani ya kamera yenyewe.

Sony inatumia Memory Stick Duo, kadi ya Sony yenyewe. Haiingii katika telefone zetu. Adapta za kuweka microSD ndani ya umbo hilo ziko duniani, lakini tulizunguka soko lote la Punia na hakuna muuzaji aliyejua tunazungumza nini.

Papa mmoja mzee, aliyekaa kimya tangu asubuhi, akasema: "Telefone ya mutoto wangu iko inapiga foto muzuri, munatafuta nini tena?" Swali lake ni la haki. Telefone mpya yenye kamera safi inaweza kupiga jani la mihogo vizuri kuliko hizi mbili. Kama kooperative yako ina telefone ya namna hiyo, iliyonunuliwa kwa pesa ya kooperative na inayolala katika sanduku la kooperative, achana na kamera. Lakini telefone ya mtu ni ya mtu. Inaenda naye kwenye machimbo, inauzwa akipata shida, inajaa nyimbo. Mwaka jana tulijifunza hilo kwa gharama. Mzee akaitikia kwa kichwa. Naye alikuwa na shamba la miti ile.

Kura zikapigwa: tisa kwa Canon, nne kwa Sony. Prezida alipiga kwa Sony mpaka mwisho, na sikumlaumu.

Kabla ya kuipokea tuliipima, na nawaambia kila anayetaka kununua kamera ya mkono wa pili afanye vivyo hivyo. Iwashe na kuizima mara tano, sikiliza kama lenzi inakwaruza inapotoka. Piga foto ya anga, au ya ukuta mweupe, uikuze kwenye kioo: madoa yanayobaki mahali pamoja ni uchafu au kuvu ndani ya lenzi, na kwa unyevu wa msitu wetu kuvu haichelewi. Fungua kifuniko cha mapile, kwa sababu kipande cha plastiki kinachokishika ndicho kinachovunjika kwanza. Ukikuta ukijani kwenye vyuma vya ndani, usikate tamaa. Kitambaa chenye tone la ndimu kinausafisha, kisha ukaushe vizuri. Siku mbili tatu bila kazi, toa mapile. Saa inaweza kurudi mwanzo, kwa hiyo angalia tarehe kabla ya kupiga, maana foto yenye tarehe ya uongo itawaletea ugomvi siku moja.

Namna ya kupiga, tulifundishana palepale nyuma ya depo. Chagua alama ya ua, ndiyo ya vitu vya karibu. Zima flashi. Mtu mwingine afanye kivuli kwa mgongo wake, jua kali linafuta rangi. Bonyeza nusu kwanza, ngoja mlio na kile kisanduku cha kijani kwenye kioo, ndipo ubonyeze mpaka mwisho. Watu wengi wanashindwa hapo: wanabonyeza kwa nguvu mara moja kama wanaua mdudu, foto inatikisika. Weka kalamu ya Bic kando ya kitu ili ukubwa uonekane. Kwa kila shina, foto tatu: shina zima, jani la chini, na muhogo uliokatwa vipande kwa upana, vipangwe kwa mstari. Ugonjwa unaweza kuwa katika kipande cha nne tu.

Na usielekeze kamera kwa askari, kambi, daraja au uwanja wa ndege. Barua ya kooperative yenye muhuri, inayosema kamera ni ya kazi ya kilimo, ikae pamoja nayo mfukoni. Mtu asipigwe foto bila kuulizwa.

Mwishoni mwa mwezi wa nane walipiga foto katika mashamba matano yaliyochaguliwa kutoa miti ya msimu huu. Kadi ikaingia katika telefone ya sekretere, foto zikaondoka usiku, rezo inapokuwa na nguvu kidogo. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Agronomo alieleza kwamba foto peke yake haithibitishi ugonjwa kama laboratori, lakini inatosha kuzuia. Mashamba manne hakuona alama juu yake. La tano, vipande viwili vya muhogo vilikuwa na kahawia ndani. Miti ya shamba lile isigawanywe hata mmoja.

Shamba la tano ni la yule papa mzee. Alikuwa ameahidiwa malipo kwa kila fungu, na alikuwa ameshahesabu pesa hiyo kwa masomo ya mjukuu wake. Aliomba aonyeshwe foto. Sekretere akaikuza kwenye telefone, mzee akaitazama muda mrefu, akaangalia na kalamu iliyolala kando ya vipande, akasema: "Ni kisu changu hicho, nilikata mwenyewe." Hakubisha tena.

Lakini mkutano ulibisha. Wengine walisema kooperative haiwezi kulipa miti ya kuchoma. Mama mtunza sanduku alisema kwamba, kama mwaka jana wangepata foto kama hizi, yeye asingetupa nusu shamba, na kwamba mzee akikosa kitu, mwaka kesho hakuna atakayekubali kamera ikanyage shamba lake. Walikubaliana hivi: mzee atapewa miti safi ya kwanza kutoka mashamba manne, bila malipo, na wanamemba watamsaidia siku mbili kung'oa na kuchoma. Malipo ya pesa wameyaacha kwa mkutano mkuu.

Kamera inakaa kwa mama mtunza sanduku, ndani ya bidoni ndogo yenye kifuniko cha kukaza, pamoja na kitambaa kilichofungwa mchele uliokaangwa mkavu ili uvute unyevu. Kuna daftari: nani amechukua, siku gani, mapile mangapi, amerudisha saa ngapi. Jina la kwanza katika daftari ni la prezida. Amekwenda kupiga foto za mpunga, na mpaka tunaandika haya alikuwa bado hajairudisha.