Tusiwafungie mlango wasioona katika intaneti

Ndugu msomaji, intaneti ni miongoni mwa neema kubwa za zama zetu. Kwayo mtu hutazama matokeo ya mitihani, hulipa anachodaiwa, husoma magazeti na hutafuta elimu bila ya kuinuka alipoketi. Wengi wetu tunaipokea neema hii kwa macho. Tunaitupia skrini jicho moja, tunakiona tunachokihitaji, tunakibofya kwa kipanya, na haja imekwisha.

Je, asiyeona naye huipokeaje? Wapo wanaodhani kuwa hawezi kabisa kutumia kompyuta, na wapo wanaodhani kuwa ni lazima akae na mtu wa kumsomea. Dhana zote mbili si sahihi, na kwa sababu yake wenye tovuti wengi wameisahau haki ya ndugu zetu hawa. Ndiyo maana tumeona ni vyema leo tulieleze jambo hili kwa kituo.

Ukurasa unaosikika

Asiyeona hutumia programu ya kusoma skrini. Programu hiyo huyachukua maandishi yaliyomo kwenye ukurasa na kuyatamka kwa sauti, au huyapeleka kwenye kifaa chenye vijipini vinavyoinuka na kushuka, ili ayasome kwa vidole katika nukta nundu. Miongoni mwa programu zinazojulikana zaidi ni JAWS, iliyotoka Marekani mwaka 1989. Mmoja wa waasisi wake ni Ted Henter, aliyepoteza uwezo wa kuona kwa ajali ya gari mwaka 1978. Nyingine ni NVDA, ambayo Michael Curran wa Australia, naye pia haoni, alianza kuitunga mwaka 2006. Hii hutolewa bure, na sauti inayokuja nayo huweza kutamka lugha nyingi, Kiswahili kikiwa kimojawapo.

Kipanya hakimfai mtu asiyeuona mshale wake. Kila kitu hufanywa kwa vitufe. Akibonyeza kitufe cha Tab, programu huruka hadi kiungo kinachofuata na kulitamka jina lake. Akiongeza Shift, hurudi nyuma. Akibonyeza Enter, kiungo hufunguka.

Hata hivyo, ukurasa mmoja wa habari unaweza kuwa na viungo zaidi ya mia, na kuvipita kimoja baada ya kingine ni kazi ya kuchosha. Kwa hiyo zipo njia za mkato. Herufi H humpeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata. Herufi U humpeleka kwenye kiungo ambacho hajakifungua, na V kwenye kile alichokwisha kukifungua. Akibonyeza Insert pamoja na F7, viungo vyote vya ukurasa hupangwa katika orodha moja, naye huchagua anachokitaka. Katika uchunguzi wa taasisi ya WebAIM ya Marekani uliotolewa mwaka 2024, zaidi ya theluthi mbili ya waliojibu walisema kuwa wanapotafuta jambo katika ukurasa mrefu, huanza kwa kupita vichwa vya habari.

Jina ndilo jicho

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mwenye kuona hukielewa kiungo kwa mahali kilipo, rangi yake na picha iliyo kando yake. Asiyeona hukielewa kwa jina lake tu. Hebu tumfikirie mtu aliyeifungua ile orodha ya viungo, akasikia: "Soma zaidi, soma zaidi, bofya hapa, soma zaidi, bofya hapa." Atajuaje kipi ni cha matokeo ya mitihani na kipi ni cha tangazo la biashara? Kibaya zaidi ni kiungo cha picha isiyo na maelezo, ambapo programu huweza kutamka mfululizo wa herufi na tarakimu zisizo na maana yoyote.

Hali ni hiyo hiyo kwa vichupo, yaani kurasa kadhaa zilizofunguliwa pamoja ndani ya kivinjari kimoja. Asiyeona hutoka kichupo kimoja kwenda kingine kwa kubonyeza Ctrl na Tab, na kila anapofika programu humsomea anwani kuu ya ukurasa huo. Ikiwa kurasa tano za tovuti moja zote zimeitwa "Karibu", itambidi aingie ndani ya kila mmoja ndipo ajue alipo.

Aidha, viko viungo vinavyofungua kichupo kipya bila ya kumwarifu mtu. Mwenye macho hukiona kichupo kimeongezeka. Asiyeona hubonyeza Alt na mshale wa kushoto ili arudi alikotoka, na wala harudi popote, kwa kuwa kichupo kipya hakina ukurasa uliokitangulia. Hubaki akidhani kompyuta imekwama.

Mwisho wa shida hizo ni kumwita mtu mwingine amsaidie. Na huyo akishaitwa, hujua kiasi cha fedha alizonazo benki, alama alizopata na neno lake la siri. Mtu mzima mwenye akili timamu huvuliwa siri yake kwa uzembe wa aliyetengeneza ukurasa.

Fundisho kutoka Sydney

Mwaka 1999, Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, aliishitaki kamati ya maandalizi ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney. Picha za tovuti yao hazikuwa na maelezo ya maandishi, na kutoka ukurasa wa ratiba hakuweza kufika kwenye orodha ya michezo. Kamati ilidai kuwa marekebisho yangegharimu zaidi ya dola milioni 2. Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo haikuukubali udhuru huo. Agosti 2000 iliamua kuwa amebaguliwa, na baadaye kamati ikaamriwa kumlipa fidia ya dola 20,000 za nchi hiyo.

Kwa upande wetu, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unaitaja intaneti katika kifungu chake cha 9. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Hata hivyo, WebAIM ilipopima kurasa za mbele za tovuti milioni moja mwaka 2025, zaidi ya 90 katika kila 100 zilikutwa na kasoro, na viungo visivyo na jina ni miongoni mwa kasoro zilizoenea zaidi.

Yatupasayo kufanya

Ndugu msomaji, dawa yake ni nyepesi. Badala ya "bofya hapa", tuandike "matokeo ya kidato cha nne" au "fomu ya kujiunga na chuo". Kila picha iliyo kiungo tuipe maneno yake. Kila ukurasa tuupe anwani inayoutofautisha na wenzake. Tupange vichwa vya habari kwa utaratibu, na kiungo kitakachofungua kichupo kipya kiseme hivyo mapema. Kisha tukiweke kipanya kando, tuizunguke tovuti yetu kwa vitufe pekee. Tutakapokwama sisi, tujue kuwa na mwenzetu asiyeona atakwama papo hapo.

Mwenye kuandika tovuti ya shule, hospitali, msikiti au ofisi ya umma amebeba amana ya watu wote watakaobisha hodi hapo. Basi na aitekeleze kwa wote, wanaoona na wasioona, kwani kulitaja jambo kwa jina lake hakumgharimu mtu ila maneno machache.