Harufu ya Jaa: Tuizuie Vipi?

Leo tuko Wema, na jambo lenyewe pua yako inalijua kabla sijalitaja: harufu ya jaa la taka.

Msimu wa maembe ukifika, huku kwetu Tana Delta maembe huiva mengi kuliko wanunuzi. Yaliyobaki hurundikwa nyuma ya nyumba au kando ya njia. Juu yake humwagwa matumbo ya samaki, maganda ya ndizi na nepi za mtoto. Siku ya tatu lundo linanuka, nzi wamejaa, na wewe unafunga dirisha na joto lote hili ili mtoto apate usingizi.

Je, harufu hiyo inatoka wapi? Taka zinazooza zikipata hewa, vijidudu huzigeuza kuwa mbolea bila uvundo mwingi. Zikilowa na kushikana, hewa haifiki chini, na hapo huingia vijidudu vya aina nyingine visivyohitaji hewa. Hivi ndivyo hutoa gesi inayonuka kama yai viza. Ile harufu kali inayowasha macho penye mkojo na nepi ni amonia. Basi kinacholeta uvundo ni majimaji na kukosa hewa.

Ndiyo maana kumwaga dawa yenye manukato hakusaidii zaidi ya saa moja. Kutia moto nako si dawa. Lundo bichi haliwaki, hufuka tu, na moshi wa plastiki hudhuru kifua cha mtoto kuliko ile harufu uliyoikimbia.

Harufu hiyo inaweza kuumiza kichwa, kuleta kichefuchefu na kumfanya mtoto akatae chakula. Mwenye pumu huweza kubanwa. Lakini mimi naogopa zaidi kile kinachokuja pamoja nayo, yaani nzi. Kwenye joto kama letu, yai la nzi huwa nzi kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi. Nzi huyo hutoka kwenye nepi akatua kwenye uji wa mtoto, na mama anaanza kuuliza kuhara kumetoka wapi.

Jaa likiachwa likue, mambo huwa makubwa. Dandora kule Nairobi pamekuwa pa kutupa taka tangu miaka ya 1970. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti baada ya kupima watoto 328 wa karibu na jaa hilo. Karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha sumu. Hapa pwani, aliyewahi kuvuka Makupa kwenda Changamwe anakumbuka uvundo wa Kibarani, hata jaa lile lilipofungwa, likafunikwa udongo na kupandwa miti.

Sasa tufanye nini hapa Wema? Kwanza tenganisha. Weka vyombo viwili: cha vinavyooza na cha visivyooza. Hata Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka hivyo. Maganda mabichi ya maembe mpe mbuzi, maana sijaona jaa lililo bora kuliko tumbo la mbuzi. Ila hakikisha hamna plastiki ndani, kwani mbuzi akiimeza huweza kufa.

Yanayobaki yatie kwenye shimo la mbolea, na kila ukimwaga maganda, funika kwa makapi ya mpunga au majani makavu. Sisi wakulima wa mpunga tuna bahati hapa. Makapi hunyonya majimaji na kuacha nafasi ya hewa kupita. Geuza kwa jembe kila juma. Ukisikia linanuka, ujue limelowa, ongeza makapi.

Matumbo ya samaki yazike siku hiyo hiyo, chini kiasi cha sentimita 30, ushindilie udongo ili mbwa wasifukue. Kinyesi kilicho kwenye nepi kitie chooni kwanza, kisha nepi iende kwenye shimo la visivyooza. Shimo hilo nalo lifunikwe udongo wa sentimita 15 kila siku linapotiwa taka. Huo ndio utaratibu wa majaa makubwa yanayotunzwa vizuri.

Na shimo lichimbwe wapi? Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki. Pepo zote mbili hutoka upande wa mashariki, kwa hiyo shimo liwe magharibi mwa nyumba, harufu iende mbali nawe. Tazama lakini usimpelekee jirani. Liwe mbali na kisima angalau mita 30, yaani hatua 40 za mtu mzima, na lisiwe bondeni. Mto ulipofurika mwisho wa mwaka 2023 na tena mwaka 2024, kilichokuwa shimoni bondeni kilielea hadi milangoni.

Kama jaa ni la kijiji kizima, mama mmoja hawezi peke yake. Kazi ya taka ni ya serikali ya kaunti. Nendeni kama kikundi kwa afisa wa afya ya umma, Garsen, mkamwonyeshe mahali palipo juu ambapo kijiji kimekubaliana, na mwombe udongo wa kufunikia kabla mvua hazijaanza.