Konda mzima, dereva moyo taabani!

Mtaani kwetu mtu akiota kitambi anapongezwa: "Bosi, umenawiri!" Mimi nasema apewe pole, tena mapema.

Sikia kisa cha London. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza walichokiona kwa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva na konda wako basi moja, tajiri wao mmoja, lakini madereva ndio walioshikwa zaidi na ugonjwa wa moyo, na wakishikwa walikufa haraka. Kisa nini? Dereva alikaa kitini karibu zamu nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku. Mwaka 1956 wakachunguza hadi sare zao: suruali za madereva zilikuwa na kiuno kipana kuliko za makonda. Kitambi hicho!

Sasa wewe kaka, ofisini umekaa, kwenye daladala umegombea siti, jioni umekaa tena baa, sigara mkononi, chipsi zimemwagiwa chumvi kama zinataka kukaushwa. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyopikiwa. Na presha haipigi hodi, ni mpaka upimwe.

Mazoezi nayo si lazima uvae bukta. Kutembea harakaharaka dakika 150 kwa wiki kunatosha. Shuka vituo viwili kabla ya kwako. Nauli ni ileile.