Trela la Miwa na Mkokoteni wa Mahindi

Paukwa! Itikieni "Pakawa," wajukuu wangu, kisha sogeeni karibu.

Mnayajua matrekta yanayovuta miwa hapa kwetu Kakamega. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, kabla wazazi wenu hawajazaliwa. Siku moja niliona trekta likipanda mlima, magurudumu ya mbele yameinuka juu ya lami. Moyo wangu uliruka. Usukani hugeuza magurudumu yale. Yasipogusa chini, dereva anauzungusha bure.

Kisa chake tukitafute sokoni, kwa mvuta mkokoteni. Akipanga magunia ya mahindi yote nyuma, mikono ya mkokoteni inapaa naye anabaki kuning'inia kama shati kwenye kamba. Akiyapanga yote mbele, mikono inamlemea hadi magoti yanatetemeka. Basi huyaweka juu ya magurudumu, kisha husogeza moja mbele kidogo, mpaka mikono imlalie viganjani bila kumwonea.

Trela la ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu, ni mkokoteni mkubwa, na mvutaji wake ni gari. Mzigo ukirundikwa nyuma, trela huinua mkia wa gari. Magurudumu ya nyuma hayashiki barabara vizuri, na mwendo ukiongezeka trela huyumba kushoto kulia mpaka limburute dereva pamoja na gari lake. Mzigo ukizidi mbele, mkia wa gari unadidimia na pua inainuka. Ndiyo habari ya lile trekta langu la mlimani. Kwa gari dogo, trela na mzigo wake vikiwa kilo 1000, kilo 100 hadi 150 zikandamize pale linapofungwa kwenye gari. Trekta nalo hufungiwa vyuma vizito puani, na trela huunganishwa chini, kwa sababu likivutwa kutoka juu pua hupaa upesi zaidi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Miwa hupangwa juu sana, na mzigo mrefu huinama kwenye kona hata kama umesawazishwa mbele na nyuma. Wapo watoto wanaolikimbilia trela wachomoe muwa. Nawasihi, msifanye hivyo. Dereva hawaoni kule nyuma. Mkisikia trekta linakuja, tokeni barabarani, msimame mbali kwenye nyasi, mngoje hadi trela lote lipite.