Kimeng'enya cha Ribonukleotidi Reduktasi na Usanisi wa DNA katika Seli za Binadamu Zilizokuzwa Maabarani

Makala haya yanaeleza jinsi kimeng'enya kimoja, ribonukleotidi reduktasi, kinavyotawala usanisi wa DNA, na kwa nini jambo hilo la maabarani linamhusu mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu katika kanda yetu.

Malighafi za RNA na za DNA zinakaribiana mno. Sukari zake zinatofautiana kwa atomi moja tu ya oksijeni, na kuiondoa atomi hiyo ndiyo kazi ya kimeng'enya hiki. Kazi yenyewe hutegemea madini ya chuma pamoja na tirosini yenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Haidroksiyurea, kemikali iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869, huiharibu hali hiyo ya elektroni, na kimeng'enya hukwama.

Mwaka 1964 Young na Hodas walichapisha matokeo yao kuhusu seli za HeLa, zilizotokana na uvimbe wa Henrietta Lacks, Mmarekani aliyefariki mwaka 1951 (naye hakuombwa ridhaa, jambo lisilostahili kupitwa kimya). Haidroksiyurea ilipoongezwa, usanisi wa DNA ulizuiwa, ilhali ule wa RNA na wa protini uliendelea. Mitambo ya kunakili haikuvunjika, ilikosa malighafi. Ndiyo maana kemikali ikioshwa mapema, seli nyingi hurejea kazini. Ikikaa muda mrefu, DNA iliyoachwa nusunusu hukatika, na seli hufa.

Kwa mgonjwa wa selimundu dawa hiyohiyo huongeza himoglobini ya kijusi, ambayo huzuia chembe nyekundu kujikunja. Hata hivyo, seli za uboho hugawanyika daima, kwa hiyo dozi ikizidi chembe nyeupe hupungua. Utafiti wa REACH, uliofanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa watoto waliotumia dawa hii walipungukiwa na vipindi vya maumivu, malaria na vifo. Watoto hao, tukumbuke, walipimwa damu mara kwa mara na dozi zao kurekebishwa. Mpango wowote wa kuifikisha dawa hii katika hospitali za wilaya hauna budi kutenga, katika fungu lilelile la fedha, mashine ya kuhesabu chembe za damu, vitendanishi vyake na mtaalamu wa kuiendesha.