Kijana Aliyeteleza Asitupwe



Usiku mmoja vijana wawili walikamatwa wakiiba mabati katika ghala la kazini kwetu. Wengi tulitaka wapigwe, nami nilikuwa nimeshika fimbo. Mlinzi wetu, mzee wa makamo, alisimama mlangoni akauliza: "Mkishawapiga, kesho watakwenda wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Swali hilo ni letu sote hapa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walishambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Agosti 2020 wakauteka mji, na Machi 2021 wakaivamia Palma. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa hapa hapa. Kijana asiye na kazi wala wa kumsikiliza humfuata yeyote anayemwita kwanza.

Sheria inasemaje? Katika nchi yetu mtoto ambaye hajatimiza miaka 16 hahukumiwi kama mhalifu. Sheria namba 8 ya mwaka 2008 inamweka chini ya ulezi wa mahakama inayoshughulikia watoto. Kwa makosa madogo ziko mahakama za jamii, zilizowekwa kwa sheria namba 4 ya mwaka 1992. Hizo hazimfungi mtu gerezani. Kwanza hutafuta kupatanisha. Zikishindwa, sheria hiyo ya 1992 iliziruhusu kumpa mkosaji kazi ya jamii isiyozidi siku 30.

Lakini siku 30 za kufagia soko hazitoshi kama hakuna anayezungumza na kijana. Ndiyo sababu ya mazungumzo ya kikundi. Vijana wanane au kumi hukaa duara, mara moja kwa juma, pamoja na mtu mzima aliyefundishwa kazi hiyo. Asiwe polisi. Kila mmoja hueleza kwa kinywa chake alilotenda, aliyemdhuru, na lililomsukuma. Wenzake humwuliza. Kijana aweza kumdanganya mzazi, hata hakimu. Kumdanganya mwenzake aliyepita njia ile ile ni vigumu. Hakuna kutukanana, na yanayosemwa pale hubaki pale.

Wazee wetu walijua faida ya kuwakalisha vijana pamoja. Jando ni ushahidi. Tofauti ni kwamba hapa mkubwa husikiliza kwanza. Tukumbuke pia kambi za mafunzo mapya baada ya uhuru wa 1975. Watu walipelekwa porini kwa nguvu, wengi bila kufikishwa mahakamani. Ushauri wa kulazimishwa si ushauri.

Wako watakaosema tunawabembeleza wezi. Sivyo. Aliyeua ahukumiwe na mahakama, na aliyeibiwa asikilizwe na kulipwa. Mazungumzo hayafuti kosa. Humsaidia mtu asilirudie.

Sisi tufanye nini? Tawi litoe mahali pa kukaa, penye kivuli na mabenchi. Fundi seremala, fundi wa kuchomea vyuma na fundi wa mashua, kila mmoja ampokee kijana mmoja amfunze kazi. Na siku umati unapookota mawe, mmoja wetu asimame mlangoni.

Wale vijana wawili hatukuwapiga. Mmoja alichukuliwa na seremala wetu, na leo anatengeneza milango. Wa pili hakupata wa kumchukua. Aliondoka mjini, na hadi leo hatujui alimfuata nani.

Ndugu, samaki mkunje angali mbichi. Tusimwache wa pili tena.