Tani Tatu Nyuma ya Mkonga

Ukiitazama kwenye karatasi ya vipimo tu, pikapu ya Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haitishi. Injini ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2, lakini nguvu yake haifiki farasi 135. Kuna magari madogo ya mjini yenye turbo na nusu ya ujazo huo ambayo yanaizidi. Tena haina turbo wala kompyuta, na mtindo wake, familia ya 70, ulitoka kiwandani Japani mwaka 1984. Hata hivyo, mtu anayetaka kupeleka tangi la maji, jenereta au kompresa ya kuchimbia kisima kwenye kijiji cha Loliondo au Marsabit ambacho lami haijafika, gari analoulizia kwanza ni hilo. Watanzania wanaliita mkonga, kwa ajili ya bomba la hewa lililosimama kando ya kioo cha mbele.

Siri haiko kwenye farasi. Farasi hupima kazi inayofanyika kwa muda fulani, kwa hiyo injini ndogo inayozunguka kwa kasi kubwa inaweza kuwa na farasi wengi. Anayevuta tela kwenye mawe anahitaji kitu kingine, yaani nguvu ya kuzungusha gurudumu wakati gari linatembea taratibu kuliko baiskeli. Mafundi huiita torki. Injini ya 1HZ inafikia torki yake ya juu, nyutoni-mita 285, ikiwa kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika, mahali ambapo injini nyingi ndogo za petroli bado zinasuasua. Dereva akivuta kile kijiti kidogo kilicho kando ya gia kubwa na kuingiza gia nzito, torki inayofika kwenye magurudumu inaongezeka karibu mara mbili na nusu, na mwendo unapungua kwa kiasi hicho hicho. Hapo ndipo utakapoona jambo linalonivutia kuliko yote katika mashine hii: dereva anaachia klachi bila kukanyaga mafuta kabisa, na gari linaanza kupanda lenyewe. Gavana iliyo ndani ya pampu ya dizeli imehisi mizunguko inashuka, ikaongeza mafuta bila kuambiwa na mtu.

Tabia hiyo inatokana na jinsi dizeli inavyowaka. Injini ya petroli huwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli hubana hewa peke yake. Katika 1HZ hewa inabanwa mpaka inabaki na sehemu moja kati ya 22 ya nafasi iliyokuwa nayo, na joto lake linapanda kupita nyuzi 500. Dizeli ikinyunyizwa humo inajiwakia yenyewe. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris, alifanikisha injini ya namna hiyo huko Augsburg mwaka 1897. Ilipopimwa iligeuza kama asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, wakati injini za mvuke za siku zile zilipoteza sehemu kubwa mno ya makaa kama joto la bure. Kubana kwa nguvu kunadai pistoni nzito, kranki nene na bloku la chuma. Uzito huo unaifanya injini isipende kukimbia, lakini ndio unaoiwezesha kubeba mzigo siku nzima bila kulalamika.

Injini za sasa zimeiacha mbali kwa takwimu. Hilux yenye injini ya lita 2.8 inatoa hadi nyutoni-mita 500 kwa msaada wa turbo na nozeli zinazonyunyiza dizeli kwa mgandamizo wa zaidi ya mara 2,000 ya ule wa hewa tunayoivuta. Kwa mtu anayeishi karibu na lami na fundi mwenye kompyuta, ningemshauri achukue hiyo bila kusita. Ila nozeli zake zina matundu membamba mno, na hazisamehe maji wala uchafu. Nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana kupunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015, zilifungua njia kwa injini kama hizi, lakini mafuta yaliyo safi bandarini hayawi safi tena yakishapita kwenye madumu matatu na mpira wa kunyonyea. Pampu ya 1HZ nayo inaumizwa na maji. Tofauti ni kwamba fundi wa wilayani anaweza kuifungua.

Injini sasa tuiache, maana barabara ndiyo inayoamua. Tela la tani tatu likiwa kwenye lami tambarare linahitaji kuvutwa kwa nguvu ya kama kilo 45 tu. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kulisogeza kwa bega. Kwenye changarawe iliyoshindiliwa nguvu hiyo inafika 60 hadi 90. Likiingia kwenye mchanga mkavu uliolegea, inaruka hadi 450 na kuendelea, hata kama ardhi ni tambarare kabisa. Maana yake ni kwamba tela linalokokotwa kwenye mchanga huo linavuta gari nyuma sawa na tela linalopandishwa mlima wa mita 15 kwa kila mita 100 za mwendo. Ndiyo maana njia ya kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka kwenda Ngaresero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, inachosha magari hata kabla ya kuanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Sonjo. Majivu ya volkano na mchanga vinameza tairi, na magurudumu ya tela hayana injini. Hayajisaidii hata kidogo, yanalima tu.

Dawa ya kwanza ni upepo. Tairi likipunguzwa upepo linalala chini na kurefuka, mzigo unasambaa kwenye eneo kubwa zaidi la mchanga, na gurudumu linapita juu badala ya kuchimba. Madereva wengi wanajua hilo kwa tairi za gari, kisha wanasahau za tela, ambazo ndizo zinazolima. Wenye Land Cruiser za V8 zilizotoka kuanzia mwaka 2007 wana shida ya ziada. Injini ile pana iliwalazimisha watengenezaji kupanua sehemu ya mbele, lakini ekseli ya nyuma ikaachwa kama ilivyokuwa, nyembamba kwa karibu milimita 95. Magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za yale ya mbele. Yanakata njia yao mpya kwenye mchanga, nayo ni kazi inayolipwa kwa mafuta.

Kisha kuna yale mawimbi madogo yanayojipanga barabarani kama bati la kuezekea, yanayotikisa mpaka meno. Watu husema yanaletwa na malori mazito, au na greda lililofanya kazi vibaya. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha matokeo ya jaribio rahisi la kupendeza: waliweka mchanga kwenye meza ya mviringo inayozunguka, wakaacha gurudumu litembee juu yake. Mawimbi yalijitokeza yenyewe. Yalitokea hata kwa gurudumu lisilo na injini wala springi, na hata mchanga ulipobadilishwa kwa punje za mchele. Kilichohitajika ni mwendo kupita kiwango fulani. Chini ya kiwango hicho, ambacho kwa gari halisi ni kilomita chache tu kwa saa, barabara inabaki laini. Hakuna atakayesafiri kwa mwendo huo, kwa hiyo mawimbi tutaendelea kuwa nayo. Gari lina shokapu za kuyameza. Matela mengi yanayochomelewa mitaani yana springi tupu, na kila wimbi linalirusha tela kabla halijatulia kutoka lile lililotangulia. Boliti za kiungio zinalegea zikiwa safarini, na nyufa huanza kwenye sehemu iliyochomelewa ya mkono wa tela. Utingo anayeshuka kila kituo kugonga boliti na kuzitazama kwa tochi anafanya kazi ya uhai na kifo, na anastahili kulipwa kama anavyolipwa mtu wa kazi hiyo.

Namna mzigo ulivyopangwa ndani ya tela ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mkono wa tela unatakiwa ulalie kiungio cha gari kwa karibu asilimia 10 ya uzito wote wa tela. Kwa tani tatu, hizo ni kilo 300. Wapakiaji wakipanga magunia nyuma ya ekseli ili mkono uwe mwepesi kuunyanyua, wanatengeneza tela litakaloanza kupiga mkia kushoto na kulia mara mwendo ukiongezeka, na kila mpigo unakuwa mkubwa kuliko uliopita mpaka gari lenyewe linageuzwa. Likianza hivyo, kukanyaga breki kwa ghafla kunalichochea zaidi. Dereva anaachia mafuta, anashika usukani ukiwa umenyooka, na kusubiri mwendo uishe. Kuzidisha uzito mbele nako kuna gharama. Kiungio kiko nyuma ya ekseli ya gari, hivyo uzito uliokilalia unanyanyua pua: usukani unakuwa mwepesi, magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko, na usiku taa zinamulika matawi ya miti. Pikapu zenye kabati la milango minne zimewahi kupindika chasisi katikati kwa sababu hii, hasa zikivuta na kubeba kwa wakati mmoja kwenye barabara mbovu.

Yote hayo ni mambo ya kwenda. Sasa tuje kwenye kushuka, maana hapo ndipo watu wanapofia.

Chukua pikapu yenye mzigo wake, tani tatu, na tela la tani tatu. Tani sita zinashuka mteremko wa mita 10 kwa kila mita 100, kwa kilomita 60 kwa saa. Ardhi inazivuta kwa kiasi cha kilowati 98. Injini ya 1HZ ikikanyagwa hadi mwisho inatoa kilowati 96 hivi. Kwa maneno mengine, mteremko unalisukuma gari kwa nguvu inayopita yote ambayo injini iliweza kutoa wakati wa kupanda. Changarawe itameza kama sehemu moja ya tano, na zilizobaki zote lazima zigeuke joto mahali fulani, la sivyo mwendo utaongezeka. Kwa kilomita 20 kwa saa, mzigo huo huo unadai kilowati 33 tu. Ukishuka mita 300 za urefu kwenda chini, jumla ya joto ni ile ile, sawa na nishati iliyomo katika nusu lita ya dizeli. Mwendo mdogo unaipa breki muda wa kulitoa hewani.

Hapa ndipo dizeli inapomsaliti dereva aliyeizoea kwenye mlima. Injini ya petroli, mguu ukitoka kwenye mafuta, inafunga mlango wa hewa, na pistoni zinahangaika kuvuta hewa isiyokuwepo. Huko kuhangaika kunapunguza mwendo. Injini nyingi za dizeli hazina mlango huo. Hewa inaingia tele, pistoni inaibana kwa nguvu zote, kisha hewa ile iliyobanwa inaisukuma pistoni kurudi chini na kurejesha sehemu kubwa ya nguvu iliyotumika. Kinachobaki cha kuzuia ni msuguano tu na kazi ya kusukuma hewa. Ndiyo maana malori mengi yana breki ya eksozi, inayoziba njia ya moshi. Clessie Cummins, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya injini yenye jina lake, alilijua tatizo hili kwa mwili wake. Mwaka 1931 alikuwa kwenye lori la dizeli linaloshuka Cajon Pass huko California, breki zikashindwa, na chini ya mteremko treni ilikuwa inakatiza barabara. Walipita kwa nafasi finyu sana. Baada ya kustaafu alibuni kifaa kinachofungua vali za kutolea moshi wakati pistoni imefika juu, ili hewa iliyobanwa itoroke badala ya kurudisha nguvu. Kilianza kuuzwa mwaka 1961, na malori makubwa ya leo bado yanatumia wazo hilo.

Mkonga hauna kifaa hicho. Una gia ndogo tu, na mafuta ya breki. Mafuta hayo yana kasoro moja isiyoonekana: yanavuta unyevu kutoka hewani. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205; yakishavuta maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 140 tu. Yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni bila kukamata kitu. Mtu wa Tanga au Lindi aliyekaa miaka bila kuyabadilisha anapanda Usambara na maji kwenye breki zake.

Australia, ambako pikapu hizi huvuta tela la hadi tani 3.5, tela lolote linalopita kilo 750 lazima liwe na breki zake lenyewe. Ningependa sheria hiyo isimamiwe kwetu kwa ukali ule ule, kwa sababu hakuna ujuzi wa dereva unaoweza kufidia magurudumu mawili au manne yaliyobeba nusu ya uzito wote bila kuzuia chochote. Mpaka siku hiyo, gia huchaguliwa juu ya mlima, gari likiwa limesimama. Mzigo ukishaanza kusukuma, kukanyaga klachi ili kutafuta gia ya chini ni kulitenga gari na injini kabisa, na gia hiyo inaweza isiingie tena.